Anayechekwa kwenye "Ndiyo Mzee" si mheshimiwa

Haya wapenzi wa safu hii, wiki hii tuyaache kidogo mambo ya nani kaachwa na nani kaolewa kimyakimya, tuzungumze muziki. Kama unataka kumfahamu mtu wa huku kwetu haraka haraka bila kumpeleleza, mpigie "Ndiyo Mzee" ya Professor Jay, halafu umkodolee macho uone anacheka wapi. Akiangua kicheko pale mwanasiasa anapoahidi kuwapeleka wanafunzi mwezini wakafanye mazoezi ya sayansi, ujue huyo ni mgeni, kashuka na basi la jana. Mwenyeji wa Kahama, Kakola, Katoro au Nyarugusu hachekei ahadi. Yeye anacheka pale umati unapoitikia.

Ngoja kwanza niwasaidie wasioujua, maana wapo, hasa nyie wadogo zangu mnaodhani muziki ulianza siku mlipopewa simu. Wimbo huo umo kwenye albamu ya "Machozi, Jasho na Damu" iliyotoka mwaka 2001. Mwenye kazi ni Joseph Haule, mzaliwa wa Songea, ambaye kabla ya hapo alikuwa na kundi la Hard Blasters, wale wa albamu ya "Funga Kazi" ya mwaka 2000 na ile "Chemsha Bongo" iliyowatoa watu jasho. Kwenye mitambo alikuwepo P Funk, Majani mwenyewe, wa Bongo Records. Na mpango wa "Ndiyo Mzee" ni mwepesi mpaka unajiuliza kwa nini hukuutunga wewe. Mwanasiasa yuko jukwaani anaomba kura, wananchi wako chini wanasikiliza. Yeye anaahidi, wao wanaitikia. Basi! Hatukani mtu, hapigi ngumi hewani, hapandishi mori. Anaahidi tu, na kila ahadi inaizidi ile ya nyuma yake, kama mtu anayepanga kiti juu ya kiti ili afike darini, na sauti haimtetemeki hata chembe.

Mimi wakati albamu hiyo inatoka nilikuwa bado nanyonya, kwa hiyo msiniulize habari za uzinduzi. Nimeirithi tu, kama wengine wanavyorithi baiskeli. Mjomba wangu alikuwa na kanda yake, imepigwa mpaka sauti inazama na kuibuka kama mtu anayeoga ziwani, na jalada lake lilikuwa limeshakuwa jeupe kwenye kona kwa kushikwa. Siku hizi ukienda stendi ya Kahama kwenye vibanda vya kuingiziwa nyimbo kwenye simu au flashi, utaikuta imewekwa kwenye fungu la "Za Zamani", ipo na marehemu wa dansi na kwaya. Lakini muulize yule kijana mwenye kompyuta ni ipi katika fungu lile inayoombwa kila wiki. Hatafikiri mara mbili.

Sasa swali la leo: kwa nini? Zipo nyimbo kibao za kuwachapa wanasiasa, na nyingi zimeshakufa. Hii ina zaidi ya miaka 20 na bado inapigwa kwenye daladala, kwenye saluni na, kama mtakavyoona huko mbele, hata shimoni.

Wataalamu wa vijiweni watakwambia ni kwa sababu ya vina. Sawa, vina vipo. Wengine watakwambia ni ile sauti yake nzito, inayotoka kama inapanda ngazi kutoka tumboni. Hiyo pia kweli. Ila kumbukeni hali ilivyokuwa. Muziki wa kufoka ulipoingia hapa, wakubwa waliuona ni uhuni wa watoto wenye suruali pana. Mwaka 1991 Saleh Jabir alipochukua "Ice Ice Baby" ya Mmarekani akaifoka kwa Kiswahili, watu walishangaa kwamba kumbe inawezekana! Mwaka 1995 Mr II, Sugu yule, akatoka na "Ni Mimi". Vijana wakapagawa, lakini dingi na bi mkubwa walikuwa bado wanapunguza redio. "Ndiyo Mzee" ikawa ndiyo ile ambayo baba mwenye nyumba alisema, "Hebu rudisha huo wimbo tena." Mjomba ananiambia ndiyo siku ya kwanza babu yangu alipoacha kuuliza hawa watoto wanagombana na nani.

Hebu tuvuke bahari kidogo, maana hili la kuchekesha na kuumiza kwa pamoja halikutokea Bongo peke yake. Mwaka uleule wa 2001, kule London, jamaa mwingine mwenye sauti ya pipa, Rodney Smith, jina la kazi Roots Manuva, mtoto wa wazazi waliotoka Jamaika, alitoa albamu yake "Run Come Save Me". Rap ya Uingereza ilipoanza, wengi walijilazimisha lafudhi ya New York, kama vile sisi tulivyojilazimisha kofia. Huyu bwana akafoka kwa lafudhi ya kwao Stockwell, na badala ya kujitapa kwa almasi na magari akajitapa kwa bia chungu za baa ya mtaani na mkate uliochomwa na jibini juu. Mkate! Kwenye video ya wimbo wake "Witness (1 Hope)" anarudi shule ya msingi aliyosoma, anashindana na watoto kwenye siku ya michezo, tena kwa bidii zote, kama vile kuna kombe la dunia. Unacheka, halafu unajikuta unamwonea huruma, mtu mzima anayetafuta ushindi pale tu anapoweza kushinda. Waingereza mpaka leo wanaihesabu albamu ile kuwa ndiyo iliyowaonyesha kwamba unaweza kufoka ukiwa wewe. Sisi tulikuwa na yetu mwaka huohuo, na kwa maoni yangu (mnaweza kuniandikia mkinipinga) yetu ilikata ndani zaidi, kwa sababu Roots Manuva alijicheka mwenyewe, Jay akatucheka wote.

Na kwa kuwa tumewataja Waingereza, hilo jina la albamu nalo lina mambo yake. Machozi, jasho na damu ni maneno yanayofanana na yale Churchill aliyowaambia wabunge wake Mei 1940, alipokuwa hana kingine cha kuwaahidi isipokuwa tabu. Mwaka huohuo wa 1940, huku Shinyanga, Mkanada mmoja anaitwa Williamson alikuwa anapata almasi zake pale Mwadui. Na mwaka 1947 ikachimbuliwa pale almasi ya rangi ya waridi, ikapelekwa zawadi ya harusi ya binti mfalme Elizabeth, aliyekuja kuwa Malkia. Ilipokatwa ikabaki karati 23 na ushee. Kwa hiyo msione tabu kuwazungumza Waingereza, wana chetu cha kifuani!

Haya, turudi nyumbani. Albamu ilitoka mwaka 2001, na hapa ndipo napowaomba mnipe sikio. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Bulyanhulu, Kahama, ukaanza mwaka 2001. Yaani kanda za Jay zinaingia madukani, na huku magari makubwa yanapita kwenye vumbi, watu wamesimama kando ya barabara wanahesabu matairi. Muulize mtu mzima yeyote wa Kakola kuhusu miaka ile. Kila kitu kilikuwa "kitakuja". Ajira itakuja, lami itakuja, umeme utakuja, maji yatakuja. Na nisiwe mchonganishi: vingine vilikuja kweli. Geita ikawa mkoa mwaka 2012, soko la dhahabu likafunguliwa pale mwaka 2019, mchimbaji mdogo akapata mahali pa kuuza bila kujificha. Lakini tulikaa kwenye wakati ujao kwa muda mrefu sana. Wimbo wa mtu anayeahidi na watu wanaoitikia ulipotua huku, haukuhitaji kufafanuliwa.

Ila kosa wanalofanya wanaoandika kuhusu wimbo huu, wa Dar es Salaam hasa, ni kudhani huku tunamfikiria mbunge tu tunapousikia. Wapi! Sisi ahadi ndiyo mshahara wetu.

Nieleze kwa wasiowahi kushuka. Kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, mwenye duara ndiye anayelisha. Analeta unga, dagaa, maharage, matimba ya kuzuia kuta, mafuta ya mashine. Wachimbaji hawana mshahara wa mwezi. Wanasubiri "uzalishaji", siku ambayo mwamba utatema, mawe yajazwe kwenye viroba, viroba vigawanywe. Mwenye leseni chake, mwenye shamba chake, mwenye duara chake, halafu ndiyo vijana waliotoboa. Mawe yanakwenda karasha yanasagwa, yanaoshwa, na pale kwenye karai ndipo mtu anapojua kama miezi yake mitano ilikuwa kazi au ilikuwa mazoezi ya viungo. Ikitoka vumbi tupu, hakuna wa kudai. Mpaka siku hiyo mazungumzo yote yanaendeshwa kwa ahadi. Mwenye duara anaahidi vijana, vijana wanamwahidi mama wa chakula, mama wa chakula anamwahidi mwenye duka la unga, na mwenye duka naye kuna mtu mjini anamwambia "wiki ijayo bosi wangu". Mnyororo mzima wa watu wanaitikia "ndiyo mzee" kuelekea juu na kuahidi kuelekea chini.

Kuna mama mmoja Katoro, nakula kwake wali maharage nikiwa na mshiko na uji nikiwa sina. Siku moja wimbo ulikuwa unapigwa kwenye redio ya jirani, nikamwuliza, "Mayu, mbona wewe hucheki?" Akaendelea kukwangua sufuria. Akasema, "Ng'wanawane, mimi sicheki kwa sababu sauti yangu imo mle." Kisha akavuta daftari lake la madeni kutoka chini ya meza, akanifungulia. Kurasa na kurasa. Majina ya utani tupu, maana vijana wa machimboni hawatoi majina yao kamili: Mrefu, Mha, Kijeba, Mrefu wa Pili. Mbele ya kila jina, idadi ya sahani. Wengine walishahama na rashi, dhahabu imesikika kwingine nao wakapotelea huko. "Kila mmoja hapa aliniambia mgao ukitoka," akasema, "na mimi nikamwambia sawa baba. Sasa nimcheke nani?"

Msomaji wangu, tangu siku ile wimbo ule siusikii kama zamani. Nilikuwa naona mjanja ni Jay, mjinga ni mheshimiwa. Mama yule akanionyesha kwamba mheshimiwa kwenye wimbo si mjinga hata kidogo, anaahidi mwezi kwa sababu ameshaona ya kwamba watu watasema ndiyo. Na hawasemi ndiyo kwa kuwa hawana akili. Wanasema ndiyo kwa sababu anayesema hapana anaondoka bila kitu leo, na anayesema ndiyo anaondoka bila kitu kesho, na kesho angalau kuna siku moja ya kusubiri. Hapo ndipo kwenye machozi ya lile jina. Ukiusikiliza wimbo bila kicheko, ni wimbo wa huzuni kupita taarabu.

Jasho na damu nazo huku si mapambo ya jalada. Oktoba 2015, pale Nyangalata, Kahama, shimo lilititia na kuwafukia wachimbaji. Novemba, baada ya siku 41, watano wakatolewa hai, wamekondeana mpaka ndugu wanawatambua kwa sauti, wameishi kwa kula mizizi na wadudu. Siku 41! Katikati ya siku hizo, nchi ilipiga kura tarehe 25 Oktoba. Waliingia chini rais akiwa Kikwete, wakatoka rais ni Magufuli. Kampeni zote za lala salama, ahadi zote za dakika za mwisho, ziliwapita juu ya vichwa vyao. Ukipanda bodaboda ya Msalala ukataja habari hiyo, dereva atapunguza mwendo kabla hajajibu.

Na sasa sikia mchezo wa dunia. Katika uchaguzi huohuo, Professor Jay mwenyewe aligombea ubunge Mikumi kwa tiketi ya Chadema. Akashinda! Yule aliyetuchekesha kwa mtu wa jukwaani, akapanda jukwaani. Sugu alishamtangulia bungeni tangu 2010, kwa hiyo haikuwa ajabu ya kwanza, lakini kwa Jay ilikuwa na utamu wake. Vijiwe vyote viligawanyika. Wapo waliosema ameusaliti wimbo, wapo waliosema ndiye pekee anayejua mitihani yote ya kuibia ndiyo maana anafaa kusimamia. Mimi nilikuwa shule wakati huo, nakumbuka tu tulivyokuwa tunaitikia "ndiyo mzee" darasani kila mwalimu alipotutangazia jambo lolote, mpaka tukafagia uwanja kwa wiki nzima. Alikaa bungeni miaka mitano, 2020 akashindwa.

Halafu mwaka 2022 zikaja zile habari zilizowanyong'onyeza watu, Jay amelazwa Muhimbili, hali mbaya, figo. Tulikaa miezi tunaulizana. Alipotoka, mwaka 2023, aliimba "Siku 462", hesabu ya siku alizolala hospitali, na akaanzisha taasisi ya kusaidia wagonjwa wa figo. Sauti kwenye wimbo huo si ile ya kupanda ngazi kutoka tumboni. Ni ya mtu anayezishuka taratibu, mkono ukutani. Hakuna mzaha humo. Nami nikiwa mkweli, ndipo nilipoanza kuipenda albamu ya 2001 yote, siyo wimbo mmoja. Ukimsikia mtu akiwa hana nguvu, unajua zile nguvu za zamani alikuwa anazitumia kufanya nini.

Nitoe na kasoro, msije mkasema nimehongwa. Albamu si dhahabu tupu. Kuna sehemu mdundo umezeeka, unasikia kabisa kinanda cha wakati ule kinavyolia kama kengele ya baiskeli. "Bongo Dar es Salaam" ni tamu, matapeli wa mjini wamepatikana pale, lakini kijana wa Nyarugusu anaisikiliza kama hadithi ya nchi ya mbali, mpaka siku atakapopanda basi akaibiwa. Na huo mwendelezo uliokuja baadaye, "Kikao cha Dharura" na "Nang'atuka", nauheshimu, lakini pale kila kitu kimeshatafunwa ukiwa unasubiri kumeza tu. (Hilo neno kung'atuka lenyewe ni la jirani zetu, Kizanaki, Mwalimu ndiye aliyelisambaza.) "Zali la Mentali" na Juma Nature nayo ni habari nyingine kabisa, ya kuchezea harusini, nisiiguse nikaharibu. "Ndiyo Mzee" haimalizii chochote. Umati unaitikia, wimbo unakwisha, hujui kilichotokea baada ya kura. Unajaza mwenyewe.

Niwape hii moja nikalale. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa kwenye duara moja upande wa Rwamagasa, miezi minane, hawajaona senti. Kila Jumamosi mwenye duara alikuwa anakuja na pikipiki, anasimama mdomoni mwa shimo, anawapa moyo. Mwamba uko karibu vijana. Ndiyo mzee! Nitawaletea mashine mpya. Ndiyo mzee! Krismasi hii mtaila kwenu na kila mtu na baiskeli. Ndiyo mzee! Wenyewe walikuwa wanaitikia kwa mtindo wa Jay kabisa, kwa pamoja, wakiumana midomo wasicheke, maana huko chini kuna mmoja alikuwa ameshaanza kuufoka wimbo wenyewe polepole. Mzee wa watu anafurahi, anaona ana vijana wenye nidhamu. Anawaongezea dagaa.

Mchezo ulikwenda wiki sita hivi, mpaka Jumamosi moja simu ya mmoja wao ikaita pale juu kwenye mawe, na mlio aliouweka ni wimbo uleule. Ukapiga mpaka kwenye kuitikia. Mwenye duara akanyamaza. Akaiangalia simu, akawaangalia wao. Kaka ananiambia hata jenereta aliliona kama limepunguza sauti.

"Huo wimbo wa nani?" akauliza.

"Wa mbunge, mzee," akajibu mmoja, akiwa hana pengine pa kukimbilia.

"Mbunge wa wapi?"

"Wa Mikumi, mzee. Wa zamani."

Akatikisa kichwa taratibu, akapanda pikipiki yake, akaiwasha. Kabla hajaondoka akageuka. "Kumbe mtu anaweza kuimba hivi na akachaguliwa," akasema. "Basi na mimi udiwani nagombea. Mtanipa kura?"

Kaka anaapa kwamba waliitikia wote, na safari ile hakuna aliyejua kama wanatania.